Imeziba wapi? Kichujio cha mchanga katika tangi la samaki

Msomaji asishangae kukuta habari za samaki katika jarida la kitivo cha lugha. Nitasema juu ya samaki, lakini naanza na kitenzi. Kila mara kichujio cha akwariamu kinapogoma kupitisha maji, tunatamka neno moja tu: kimeziba. Mwanafunzi husema hivyo, fundi husema hivyo, hata mwalimu aliyeandika tasnifu nzima juu ya mnyambuliko wa vitenzi husema hivyo. Na kwa kuwa Kiswahili kimekwisha kutupa kinyume chake, kuziba na kuzibua, mkono hufuata ulimi: tunatafuta kijiti, waya, au maji ya nguvu, tuzibue. Hapo ndipo samaki wanapokufa.

Mzee mmoja, fundi wa mabomba mtaani kwetu, hafungui mfuko wake wa vyombo kabla ya kuuliza: « Mwanangu, imeziba wapi, na tangu lini? » Makala haya ni jaribio la kulipeleka swali lake kwenye kichujio cha mchanga cha nyumbani, kwa sababu mambo tunayoyaita kuziba ni angalau matano, na dawa ya moja ni sumu ya jingine.

Nieleze kwanza ninachokifuga. Tangi langu ni la kioo, urefu sentimita 100, upana 40, kina 30, yaani lita 120 likijaa. Ndani yake wamo samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika ambao wataalamu huwaita Lamprologus ocellatus. Hawa huishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Ziwani hutumia hasa makombe ya konokono aitwaye Neothauma, nao huchimba mchanga kwa mdomo mpaka kombe lizame na mlango wake tu ubaki wazi. Ni samaki wa urefu wa kidole lakini wana hasira za simba. Ukiingiza mkono wanakuja kuuma. Ziwa hilo, tunaloshirikiana na Tanzania, Burundi na Zambia, lina aina zaidi ya 200 za jamii yao, na nyingi kati ya hizo hazipatikani mahali pengine popote duniani. Maji yake si kama ya mto. Ni maji yenye magadi, na kipimo chake cha pH kiko karibu na 9. Msomaji ashike tarakimu hiyo, nitairudia.

Kichujio chenyewe ni ndoo ya plastiki ya lita 20 iliyowekwa juu ya meza, mahali pa juu kuliko tangi. Chini kabisa kuna changarawe, juu yake mchanga mnene kidogo, kisha sentimita 15 za mchanga mwembamba uliooshwa. Pampu ndogo iliyomo tangini hupandisha maji hadi kwenye ndoo. Maji hushuka kwa uzito wake mwenyewe kupitia mchanga, hutokea chini, hupita kwenye robine ndogo na kurudi kwa samaki. Bomba la kutokea nimelipandisha kwa nje mpaka lipite usawa wa mchanga kwa sentimita 5, ili mchanga usikauke hata pampu ikizimika. Wazo hilo limo katika vichujio vya maji ya kunywa ambavyo David Manz wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, alivibuni katika miaka ya 1990. Karibu na mdomo wa ndoo kuna tundu la pili, la dharura: mchanga ukigoma, maji yatapanda na kutokea hapo kurudi tangini, yasimwagike juu ya vitabu.

Sasa, mchanga huo unafanya nini? Wengi watajibu kwamba unazuia uchafu. Ni kweli, lakini hiyo ndiyo kazi ndogo. Kazi kubwa haionekani. Samaki hutoa amonia, na mabaki ya chakula yakioza hutoa amonia pia. Juu ya kila punje ya mchanga huota utando mwembamba wa bakteria. Baadhi yao, kama Nitrosomonas, hugeuza amonia kuwa nitriti. Wengine, kama Nitrospira, hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia vizuri zaidi na ambayo sisi huiondoa kwa kubadilisha sehemu ya maji. Kwa hiyo mchanga wa kichujio ni shamba lililo hai. Anayeuosha wote kwa siku moja kwa maji ya bomba yenye klorini amelichoma shamba lake.

Na sasa ile tarakimu 9. Amonia katika maji huwa na sura mbili, moja yenye sumu kali na nyingine yenye madhara madogo, na pH ndiyo huamua ni sura ipi itawale. Katika maji ya nyuzi 25 yenye pH 7, sehemu yenye sumu haifiki hata 1 kwa 100. Katika pH 9, inapita theluthi moja. Ndiyo kusema kosa ambalo mfugaji wa samaki wa mtoni angesamehewa, mfugaji wa samaki wa Tanganyika hasamehewi. Mwenzangu mmoja wa promosheni alikuwa na tangi zuri kuliko langu. Kichujio chake kilipopunguza maji alisema kimeziba, akamwaga mchanga wote katika baseni, akauosha kwa bomba mpaka ukang'aa, akaurudisha. Maji yalitiririka siku hiyo kama mapya. Siku ya nne hakuwa na samaki hata mmoja. Alikuwa amezibua kweli.

Basi turudi kwa mzee fundi: imeziba wapi? Kabla ya kugusa mchanga, tazama ndani ya ndoo. Usawa wa maji juu ya mchanga unasema karibu kila kitu. Ikiwa maji yanayotoka ni machache na maji juu ya mchanga pia ni machache, mchanga hauna hatia. Pampu haileti maji. Nenda tangini, utaikuta sponji ya pampu imejaa majani, mabaki ya chakula, na mchanga ambao samaki wenyewe wameurusha wakichimba. Ndiyo maana pampu yangu nimeining'iniza shubiri moja juu ya sakafu ya tangi. Lakini ikiwa maji ni mengi juu ya mchanga na yameanza kutokea kwenye tundu la dharura, basi kizuizi kiko chini ya maji hayo. Hapo fungua robine kabisa, au iondoe. Maji yakitoka kwa kasi, tatizo lilikuwa ndani ya robine au bomba, ambamo ute hukua polepole bila mtu kuuona. Brashi ya kuoshea chupa inatosha. Yasipotoka kwa kasi, ndipo tunaweza kuushtaki mchanga.

Nashauri pia kupima badala ya kukisia. Chupa ya lita moja na saa ya simu ni vyombo tosha. Kichujio changu kikiwa na afya hujaza chupa hiyo kwa sekunde 40. Nikiona sekunde 80 najua mtiririko umebaki nusu, nami naingia kazini kabla samaki hawajaanza kuhemea juu ya maji. Nina daftari la vipimo hivi, na ndilo linalojibu swali la pili la mzee, « tangu lini? » Kuziba kwa polepole, wiki baada ya wiki, ni jambo moja. Kuziba kwa ghafla, kati ya asubuhi na jioni, ni jambo jingine kabisa.

Kuziba kwa polepole karibu daima ni ukoko. Nimelichagua neno hili kutoka jikoni kwa makusudi. Kama vile ubwabwa unavyoacha tabaka gumu chini ya sufuria, uchafu nao huacha tabaka juu ya mchanga, ila huu ni ukoko wa juu. Chakula kilichosagika, kinyesi, mwani na ute wa bakteria hukusanyika katika sentimita ya kwanza, nao hushikamana mpaka unaweza kuuinua kwa ukucha kama kipande cha ngozi.

Kwa nini tabaka jembamba hivyo lizuie ndoo nzima? Jibu lilipatikana Ufaransa. Mhandisi Henry Darcy, aliyeuletea mji wa Dijon maji safi, alipitisha maji katika nguzo za mchanga na mwaka 1856 akachapisha kanuni ambayo hadi leo ina jina lake: maji yanayopita huongezeka kadiri nguvu ya kuyasukuma inavyoongezeka, na hupungua kadiri unene wa mchanga unavyoongezeka. Tufanye hesabu. Tuseme ukoko una unene wa nusu sentimita tu, lakini unapitisha maji kwa shida mara 100 kuliko mchanga safi. Basi nusu sentimita hiyo ni sawa na kuongeza sentimita 50 za mchanga juu ya zile 15. Maji yanapaswa kupenya unene wa 65 badala ya 15, na mtiririko unashuka chini ya robo. Sasa angalia upande wa pili wa hesabu hiyohiyo. Ukichimba na kuondoa nusu ya mchanga safi ulio chini, utapunguza 65 iwe 57 na nusu. Hutaona tofauti ya maana. Ukiondoa ukoko peke yake, yote yanarudi. Mwenzangu niliyemtaja alihitaji kugusa sentimita mbili za juu, aliosha 15.

Dawa ya ukoko naiita koroga-uchote. Zima pampu, acha maji yashuke mpaka yabaki vidole vitatu juu ya mchanga, yasishuke zaidi. Tia mkono na ukoroge uso wa mchanga kwa ncha za vidole, usizamishe kupita kiungo cha kwanza. Maji yatakuwa kama chai ya maziwa. Yachote kwa kikombe na uyamwage bustanini, migomba inayapenda. Ongeza maji ya tangi, si ya bomba, ukoroge tena. Mara mbili au tatu zinatosha. Usingoje yawe kama kioo, maana utando mzuri nao unaondoka kwenye kikombe. Sawazisha uso wa mchanga, washa pampu, na maji ya dakika chache za kwanza yarudishe juu ya ndoo mpaka yatakate. Kisha pima. Kama chupa imerudi karibu na sekunde 40, ulikuwa ukoko, na kazi imekwisha.

Kama haikurudi, uchafu umeingia ndani. Hii hutokea mchanga ukiwa na punje kubwa mno juu, au mtu akiwa amekoroga kwa kina mara nyingi na kuusukuma uchafu chini. Dalili yake ni madoa meusi kwenye ukuta wa ndoo na harufu ya yai bovu ukigusa mchanga. Harufu hiyo ni ya gesi inayotengenezwa mahali pasipo oksijeni, nayo ni sumu kwa samaki. Kwa hiyo bomba la kutokea lielekezwe kwenye ndoo nyingine kabla ya kuchokoza chochote. Hapa kuosha kwa kina hakuepukiki, lakini kwa nusu. Toa nusu ya mchanga, ule mweusi zaidi, uoshe katika maji uliyoyatoa tangini, urudishe. Nusu nyingine ingoje wiki mbili au tatu. Katika kipindi hicho punguza chakula na ubadilishe maji mara kwa mara, kwa sababu shamba limebaki nusu na walaji hawajapungua. Kichujio kinachoanza bila bakteria kabisa huhitaji mara nyingi wiki nne hadi sita kukomaa.

Kuziba kwa ghafla kuna sababu nyingine, na hapa kitenzi chetu kinapotosha zaidi, kwa sababu hakuna uchafu wowote. Ni hewa. Ukimimina maji baridi kutoka kwenye bidoni, nayo yakapata joto ndani ya ndoo, gesi iliyoyeyuka ndani yake hutoka na kuwa viputo. Viputo hivyo hunaswa kati ya punje, na maji hayawezi kupita palipo na hewa. Vivyo hivyo maji yakishuka chini ya uso wa mchanga kwa sababu ndoo inavuja: hewa inaingia, na ukimimina maji kutoka juu unaifungia ndani. Piga ubavu wa ndoo kwa kiganja. Ukiona viputo vinapanda, umepata jibu. Kukoroga hakusaidii hapa. Dawa ni kuingiza maji kwa kupitia bomba la kutokea, kutoka chini kwenda juu, polepole sana, ili maji yaisukume hewa mbele yake kama mtu anayeondoa kuku uani. Nimewahi kuona mtiririko ukirudi wote kwa robo saa, bila punje moja kuoshwa.

La tano ni chokaa, nami silikawii. Wanaofuga samaki wa Tanganyika huongeza chumvi na mawe ya chokaa ili kulinda pH, na baada ya muda punje zinaweza kushikana kama saruji. Donge lisilovunjika kwa vidole, linalotoa povu ukilidondoshea siki au maji ya ndimu, ni chokaa. Mchanga huo haufufuki. Utupe na uweke mwingine, tena kidogo kidogo.

Wenzangu wa idara ya Kifaransa watakuwa wamekwisha kutabasamu, kwa maana lugha yao imegawa mambo haya zamani. Chujio likishikwa na uchafu ndani ya matundu yake husema colmatage. Chombo kikipakwa uchafu ni encrassement. Chokaa ikiganda ni entartrage. Na boucher hubaki kwa bomba au chupa. Je, sisi ni maskini? Sikubali. Maneno tunayo, ila tumeyaacha jikoni na kooni. Ukoko upo. Utando upo. Kuganda kupo, na kinyume chake kugandua. Mfupa haumzibi mtu koo, humsakama. Na kiputo ndani ya mchanga hufanya hivyohivyo, kinasakama. Maji yasiyotembea yanatuama. Fundi akisema « mchanga umefanya ukoko » nimejua papo hapo nishike kikombe, na akisema « hewa imesakama » nimejua nisikoroge. Tunapotunga faharasa za istilahi darasani, mara nyingi tunatafuta neno moja la Kiswahili kwa neno moja la kigeni. Mimi ningependa tuanze kwa kumuuliza anayeshika ndoo anatenganisha mambo mangapi. Jihadharini tu na kuchujuka: kitenzi hiki kinafanana na kuchuja, lakini kinachochujuka ni rangi ya kitenge.

Juu ya kuchagua mchanga nitasema machache. Mwaka 1892 Mmarekani Allen Hazen alionyesha kwamba upitishaji wa maji hufuata mraba wa ukubwa wa punje ndogo zilizomo: punje zikiwa nusu, maji yanabaki robo. Mchanga uliochanganyika, wenye vumbi na wenye kokoto pamoja, huziba upesi kwa sababu wadogo hujaza nafasi za wakubwa. Tia mchanga kiganja kimoja katika chupa ya maji, tikisa, hesabu dakika moja. Maji yakibaki na tope, endelea kuosha. Hapo unaruhusiwa kutumia bomba kadiri upendavyo, kwa kuwa mchanga huo bado haujakaliwa na kiumbe.

Limebaki jambo linalotugusa sisi tunaoishi katika miji ya umeme wa kuja na kuondoka. Pampu ikizimika, maji yanatuama ndani ya mchanga, nao bakteria wanaendelea kupumua. Kwa saa chache oksijeni iliyomo humalizika. Wale wazuri huanza kufa na wale wa yai bovu huamka. Umeme ukirudi usiku wa manane, pampu huwaka yenyewe na kuwasukumia samaki maji yote yaliyooza. Mfugaji anaamka asubuhi, anaona samaki wamekufa na maji ni machache, anasema kichujio kimeziba.

Kwa sababu hiyo umeme ukikatika mimi huchomoa pampu mara moja. Nikiwa nyumbani, kila nusu saa huchota jagi moja la maji ya tangi na kulimimina polepole juu ya mchanga. Kichujio cha ndoo hakihitaji umeme ili kuchuja, kinahitaji tu mtu wa kupandisha maji, na jagi moja linaleta oksijeni ya kutosha kuwavusha bakteria hadi jagi lijalo. Nikiwa sipo, au umeme ukilala usiku kucha, huelekeza bomba la kutokea kwenye ndoo tupu kabla ya kuwasha pampu tena. Ndoo hiyo ya kwanza huinusa, huimwaga kwenye migomba, najaza tangi kwa maji ya bidoni yaliyokaa siku moja bila kifuniko, kisha ndipo narudisha bomba kwa samaki.